KIMYA SI KIFO: Jinsi seva mbili zinavyopokezana kazi ya kugawa anwani za mtandao



Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalitumia kila siku bila ya kulijua. Unapowasha kompyuta au simu na kuiunganisha na mtandao, ipo mashine mahali fulani inayoipa namba ya kuitambulisha. Namba hiyo ikikosekana, hata waya uwe mzima na intaneti iwe imelipiwa, hutafika popote. Suala letu ni hili: mashine inayogawa namba ikifa, nani atashika nafasi yake? Na huyo atakayeishika atajuaje kwamba mwenzake amekufa kweli?

Yaliyotukuta siku ya mtihani

Suala hili hatukulitoa hewani, bali lilitukuta wenyewe. Ilikuwa Jumamosi, baada ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, siku ya mtihani wa vitendo katika chumba chetu cha kompyuta. Kundi la kwanza la wanafunzi 12 liliwasha kompyuta zao, zikapata namba, na kazi ikaanza. Kiasi cha nusu saa baadaye seva iliyokuwa ikigawa namba ikazimika na harufu ya kuungua ikatoka nyuma yake.

La ajabu ni kwamba wanafunzi wale 12 hawakuhisi kitu, waliendelea kuandika na kuhifadhi kazi zao kama kawaida. Waliokwama ni wa kundi la pili. Kila kompyuta waliyoiwasha ilijipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, ambayo ni dalili ya mashine iliyoita na isijibiwe.

Hapo tukafanya haraka, na haraka ikatuponza. Tulichukua kifaa kingine chenye uwezo wa kugawa namba, tukakichomeka, nacho kikaanza kugawa kutoka mwanzo wa orodha ile ile. Kifaa hicho hakikujua kwamba namba za mwanzo zilikuwa tayari mikononi mwa kundi la kwanza. Punde kompyuta mbili zikajikuta na namba moja. Mwanafunzi mmoja wa kundi la kwanza akabonyeza kuhifadhi, kazi isifike kwenye seva ya mafaili, na alipoizima na kuiwasha tena kompyuta yake, jibu la saa nzima likawa limepotea. Ilibidi afanye upya mtihani ambao hakuwa na kosa ndani yake.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba msaidizi asiye na habari anaweza kuharibu kuliko kutokuwa na msaidizi kabisa.

Nani hugawa anwani, na vipi?

Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani, nayo ni namba kama 192.168.1.105. Zamani mtu alikaa mbele ya kila kompyuta akaiandikia anwani yake kwa mkono. Kwa kompyuta 5 kazi hiyo huwezekana, lakini kwa kompyuta 500 ni adhabu, na kosa moja tu huleta mgongano. Ndipo ukatungwa utaratibu wa kugawa anwani wenyewe kwa wenyewe, unaojulikana duniani kote kwa herufi nne: DHCP. Maelezo yake ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1993, na yale yaliyosimama kama msingi yalichapishwa Machi 1997 kwa kalamu ya Ralph Droms.

Tuufananishe na dahalia. Mwanafunzi mgeni anapofika mlangoni hufanya hivi:

1. Huita: "Je, yupo msimamizi hapa?"
2. Msimamizi hujibu: "Nipo, na kitanda namba 105 kiko wazi."
3. Mgeni husema: "Nakitaka hicho."
4. Msimamizi huandika kwenye daftari na kusema: "Ni chako kwa siku 8."

Kompyuta nayo hupitia hatua hizo hizo nne, mara nyingi kwa muda usiofika hata sekunde chache. Zingatia neno "siku 8". Anwani haitolewi moja kwa moja, bali huazimishwa. Muda ukifika nusu, kompyuta humwendea msimamizi yule yule kuomba kuongezewa. Asipojibu, huendelea kujaribu, na muda ukifika asilimia 87.5 huacha kumtafuta yeye peke yake na kupaza sauti kwa yeyote anayeweza kujibu. Muda ukiisha bila jibu, kompyuta huiachia anwani.

Sasa mtafahamu kwa nini kundi la kwanza halikuhisi kitu: anwani zao zilikuwa bado ndani ya muda. Kundi la pili lilikosa kwa sababu muda wa chumba chetu ulikuwa saa 24 tu, na wakati wa mapumziko ya siku mbili anwani za kompyuta zao zilikuwa zimeshakwisha muda.

Kwa nini tusiweke seva mbili tu?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hao hao walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wasimamizi wawili wakiwa na orodha moja ya vitanda na kila mmoja ana daftari lake, usiku wa kwanza tu watawapa wageni wawili kitanda kimoja.

Njia ya zamani ya kuepuka hilo ni kuigawa orodha. Kwa mfano, kama tuna anwani 100, kuanzia 192.168.1.101 hadi 192.168.1.200, seva ya kwanza hupewa 80 na ya pili 20. Njia hii ni rahisi na haileti mgongano. Hata hivyo ina kasoro mbili. Kwanza, ile kubwa ikifa hubaki anwani 20 tu, na wakija wageni 30, kumi watalala nje. Pili, seva ya pili haina habari ya waliopewa na ya kwanza. Kompyuta iliyo katikati ya kazi ikija kuomba kuongezewa muda, seva ya pili haiwezi kuithibitishia anwani yake, kwa hiyo hatimaye italazimika kuiachia na kuchukua nyingine.

Kinachohitajika basi ni daftari moja lenye nakala mbili, na wasimamizi wawili wanaoambiana kila wanachoandika. Huku ndiko kupokezana.

Mkataba wa wenza wawili

Katika utaratibu huu seva mbili hufunga mkataba. Kila mmoja akiazimisha anwani humwarifu mwenzake: anwani fulani, kompyuta fulani, hadi saa fulani. Kazi yenyewe hugawanywa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kusaidiana. Seva zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja. Ili zisijibizane, hutumia kanuni iliyochapishwa Februari 2001. Kanuni hiyo huchukua kitambulisho cha kila kompyuta, kwa kawaida ile namba ya kadi yake ya mtandao, na kuigeuza kuwa moja ya mafungu 256. Nusu ya mafungu huhudumiwa na seva ya kwanza na nusu na ya pili. Kila seva hupiga hesabu ile ile, hivyo kila moja hujua ni nani anayepaswa kujibu.

Namna ya pili ni kusubiri. Seva moja hufanya kazi yote, na nyingine hukaa macho ikiwa na nakala ya daftari na akiba ndogo ya anwani. Namna hii hupendwa pale ambapo seva ya pili iko mbali, kwa mfano tawi lina seva yake na ya makao makuu ndiyo inayosubiri.

Kimya si kifo

Tumefika kwenye kiini cha makala yetu. Tuseme seva ya pili haisikii tena kutoka kwa ya kwanza. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda mwenzake ameungua kama ilivyotokea kwetu. Au huenda mwenzake ni mzima kabisa na anaendelea kugawa anwani, ila waya ulio baina yao umekatika. Kwa aliye upande wa pili hali hizi mbili zinafanana sawasawa, kwani zote ni kimya.

Akidhani mwenzake yu hai kumbe amekufa, wageni watakosa vitanda. Akidhani amekufa kumbe yu hai, wageni wawili watapewa kitanda kimoja. Kosa la pili ni baya zaidi, maana linamdhuru hata yule aliyekuwa ametulia na kazi yake.

Kwa hiyo watungaji wa utaratibu huu wametofautisha hali mbili:

(a) Mawasiliano yamekatika. Hapa seva hairuhusiwi kudhani kwamba mwenzake amekufa. Inaruhusiwa kuwaongezea muda wote watakaokuja, hata waliopewa anwani na mwenzake, maana anwani ile ni yao tayari na daftari linasema hivyo. Lakini mgeni mpya humpa kutoka kwenye fungu lake tu la anwani zilizo wazi. Fungu la mwenzake haligusi. Ndiyo maana tangu siku za amani anwani zilizo wazi hugawanywa kabisa: hizi zangu, hizi zako.

(b) Mwenza ameanguka. Hali hii hutangazwa pale inapojulikana kwamba seva ile kweli haifanyi kazi. Baada ya kutangazwa, na baada ya kungoja muda maalumu, aliyebaki hurithi orodha nzima.

Nani hutangaza? Katika Windows Server, seva yenyewe haihami kutoka (a) kwenda (b) isipokuwa umeiamuru kabla kwamba ikipita muda fulani bila mawasiliano ifanye hivyo. Usipoiamuru, husubiri mtu. Mtu huyo anainuka, anakwenda mpaka ilipo mashine, anaitazama kwa macho yake, ndipo anarudi na kusema: "Imekufa kweli." Wengine huona huu ni uzembe wa programu. Sisi tunaona ni adabu nzuri: jambo usilolijua, usilitolee hukumu.

Muda wa tahadhari

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, kama seva ya kwanza ilimpa mtu anwani, kisha ikaungua kabla ya kumwarifu mwenzake? Daftari la pili litasema anwani ile iko wazi, kumbe ina mwenyewe.

Jawabu lake ni zuri sana. Mkataba unaweka muda wa tahadhari, ambao katika Windows Server kwa kawaida ni saa 1. Seva haimuahidi mtu zaidi ya muda huo kupita kile ambacho mwenzake amekwisha kiri kukijua. Kwa hiyo mgeni mpya, hata kama sheria ya mahali ni siku 8, kwanza hupewa saa 1 tu. Baada ya dakika 30 hurudi kuomba kuongezewa. Kufikia hapo mwenza ameshaarifiwa na kukiri, hivyo sasa hupewa siku 8 zake kamili.

Tuone faida yake. Seva ya kwanza imempa mgeni saa 1, haikuwahi kumwarifu mwenzake, ikaungua. Mgeni atajaribu kuirudia katika dakika ya 30, asijibiwe. Ikifika dakika ya 52 na nusu, ambayo ni asilimia 87.5 ya saa, atapaza sauti kwa yeyote, na seva ya pili itamsikia na kuandika jina lake. Nayo seva ya pili, hata ikitangaziwa kwamba mwenzake ameanguka, hungoja saa nzima ipite kabla ya kugusa fungu la marehemu. Ndani ya saa hiyo kila aliyepewa ahadi ya siri atakuwa amejitokeza, au muda wake umekwisha. Hakuna anayedhulumiwa.

Hii ndiyo maana halisi ya amana baina ya wenza: usiahidi kitu ambacho mwenzio hatoweza kukitimiza siku ambayo wewe haupo.

Programu zilizopo

Maandishi ya utaratibu wa kupokezana yalipitia rasimu 12 na zaidi, ya mwisho ikiwa ya mwaka 2003, lakini kwa anwani hizi za kawaida hayakuwahi kupitishwa kuwa kanuni rasmi. Kwa anwani za kizazi kipya, zinazoitwa IPv6, kanuni rasmi ilitoka mwaka 2017. Hata hivyo watengenezaji hawakungoja. Programu huria ya ISC DHCP iliutumia kwa miaka mingi, na Microsoft waliuingiza katika Windows Server 2012.

Matengenezo ya ISC DHCP yalikoma mwishoni mwa mwaka 2022, kwa hiyo anayeanza leo asiichague. Shirika hilo hilo linatoa programu nyingine huria iitwayo Kea, ambayo uwezo wake wa kupokezana uliingizwa mwaka 2018. Kea ina njia yake. Kwanza, humwarifu mwenza kabla ya kumjibu mgeni, kwa hiyo hakuna ahadi ya siri. Pili, ili kujua kimya ni kifo au si kifo, huwasikiliza wageni. Kama kwa sekunde 60 mwenza hajibu salamu zake, Kea hutazama wageni waliopaswa kuhudumiwa na mwenza yule. Wakiwa wanahudumiwa, basi yu hai na waya ndio mbovu. Wakiwa wanaita na kuita bila jibu, basi ameanguka. Kipimo chake cha kawaida ni wageni zaidi ya 10 wasiojibiwa. Katika chumba chenye kompyuta 8 idadi hiyo haitafikiwa abadan, hivyo mwenye kuweka lazima apunguze kipimo hicho.

Ya kuzingatia kwa atakayeweka

1. Saa za seva zote mbili zilingane. Ahadi zote zimejengwa juu ya wakati. Windows Server hulalamika tofauti ikizidi dakika 1.

2. Njia ya mazungumzo iwe wazi. Ukuta wa ulinzi wa seva uruhusu wenza kuzungumza; katika Windows Server hutumika mlango namba 647.

3. Kama kompyuta ziko kwenye mtandao mwingine nyuma ya ruta, ruta ielekezwe kupeleka maombi kwa seva zote mbili. Wengi husahau hili, na siku ya msiba hugundua kwamba seva ya pili ilikuwa nzima lakini hakuna aliyeweza kuifikia.

4. Seva mbili zisitegemee kitu kimoja. Zikichomekwa kwenye soketi moja na swichi moja, umeme ukikatika au swichi ikiharibika zinakufa pamoja, na umelipia mbili kwa kazi ya moja.

5. Mipangilio ibadilishwe pande zote mbili. Kinachonakiliwa wenyewe ni daftari la walioazima. Katika Windows Server ukibadilisha sheria upande mmoja, ni juu yako kuamuru inakiliwe upande wa pili.

6. Jaribu kabla ya siku. Chagua siku isiyo na mtihani, zima seva ya kwanza, washa kompyuta moja ambayo haijawahi kuingia kwenye mtandao, uone kama itapata anwani. Kisha iwashe tena seva uone kama zinapatana. Kinga isiyojaribiwa ni dhana tu.

Je, kila mahali panahitaji?

Tuseme kweli: si kila mahali. Chumba chenye kompyuta 20 kinaweza kutosheka na muda mrefu wa kuazima na kifaa cha akiba chenye fungu lake tofauti la anwani. Kama muda wetu ungekuwa siku 8 badala ya saa 24, kundi la pili huenda lisingekwama asubuhi ile. Na kama kifaa cha akiba kingekuwa na fungu lake, kazi ya yule mwanafunzi isingepotea. Hivyo ndivyo tulivyofanya katika chumba chetu, na haikutugharimu hata senti.

Lakini hospitali ambayo vipimo vya wagonjwa hupita kwenye mtandao, au chuo chenye maelfu ya simu zinazoingia na kutoka mchana kutwa, hakiwezi kutegemea seva moja. Hapo kupokezana ni wajibu.

Ndugu wanafunzi, miongoni mwenu watatoka mafundi wa mitandao, inshaallah. Atakayekabidhiwa kazi hii akumbuke kwamba kununua seva ya pili ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni makubaliano ya mapema: nini changu, nini chako, na nifanye nini siku nisipokusikia. Manahodha wengi chombo huenda mrama, ila wakiwa wamekubaliana kabla ya kung'oa nanga, mmoja akiugua njiani chombo bado hufika.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kompyuta zilizokwisha pata anwani huendelea kufanya kazi seva ikizimika?
2. Taja kasoro mbili za kugawa orodha kwa 80 na 20.
3. Seva haimsikii mwenzake. Mgeni mpya amekuja, na fungu lake la anwani zilizo wazi limekwisha, lakini la mwenzake lina nafasi. Ampe au asimpe? Eleza sababu.
4. Muda wa tahadhari ukiwa saa 2, mgeni asiyejibiwa na seva yake atapaza sauti kwa yeyote katika dakika ya ngapi?